Kibodi Iliyousoma Mkono

Khoo Gaik Imm alianza kushona viatu vya shanga tangu hajavunja ungo, na katika mji mzima wa George Town, nchi ya Wamalai, hakuna aliyethubutu kubishana naye juu ya sindano. Shanga zenyewe ni za kioo, ndogo kuliko ulezi. Kila moja huchomwa sindano peke yake na kuketishwa ubavuni mwa mwenzake, mpaka kwenye kitambaa kilichokazwa juu ya kiunzi lichomoze ua la peoni, au ndege mwenye mkia wa rangi zote. Maharusi wa Kinyonya, uzao wa Wachina na Wamalai wa zamani, walimfuata pale pale barazani kwake, Mtaa wa Muntri, wakapewa maji baridi ya kungumanga, wakapimwa miguu, kisha wakaenda zao kungoja. Hakuna aliyemharakisha. Kiatu cha Gaik Imm kilivaliwa na bibi, akaja kukivaa mjukuu.

Alikuwa hajaolewa, wala hakuonyesha kujutia. Aliishi na mdogo wake, Gaik Suan, mjane mwenye ulimi mkali aliyeuza keki za mchele na tui la nazi asubuhi. Walipendana kwa kutaniana. Asiyewajua akiwasikia angedhani wanagombea urithi.

Mambo yalianza kama mzaha. Simu ya Gaik Imm, ambayo siku zote ilimletea matangazo ya nyuzi, vitambaa na gundi ya soli, ghafla ikaanza kumletea vijiko.

"Vijiko vya nini?" Suan aliuliza, mikono imejaa unga.

"Visivyomwaga. Hebu tazama. Mtu mkono unamtetemeka, kijiko kimetulia tuli."

"Watakuwa wamekuona unavyomwaga mchuzi ukila tambi za laksa. Wamekuhurumia."

Baada ya vijiko ikaja mikongojo yenye kisigino cha mpira. Ikaja mizizi ya kuchemsha kwa ajili ya mishipa ya fahamu. Vikaja vitanda vinavyoinuka vyenyewe. Gaik Imm alivifuta kwa kidole kama mtu anayefukuza nzi. Siku moja akapigiwa simu na kijana mwenye sauti laini kama siagi.

"Shikamoo mama. Tumefahamu kwamba unajali afya ya mishipa yako."

"Umefahamu kwa nani?"

"Mfumo wetu ndio umetuelekeza, mama."

"Basi uambie huo mfumo wako kwamba natunga uzi bila miwani. Na wewe mwanangu tafuta kazi nyingine, hii haikufai." Akakata.

Walicheka sana jioni hiyo. Suan aliiga sauti ya yule kijana mpaka jirani naye akaambukizwa kicheko.

Msimu wa matunda ya durian ukapita, mvua zikaja zikaondoka. Asubuhi moja Gaik Imm alikuwa akishona kifua cha ndege, mahali ambapo shanga za dhahabu hukutana na za zambarau, na sindano ikamkosa. Shanga ikadondoka sakafuni, ikaruka mara mbili tatu juu ya vigae, ikapotelea chini ya kabati. Hakuitafuta. Alikaa akiutazama mkono wake wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kikicheza peke yake, polepole, kama kinachohesabu kitu ambacho yeye hakijui.

Pale hospitali daktari alikuwa mama wa makamo, asiye na haraka. Alimwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada, wazi, funga, wazi, funga. Akamshika kifundo cha mkono, akaukunja na kuukunjua. Vikafuata vipimo vingine, na siku nyingine za kurudi. Mwishowe daktari akausogeza mkebe wa kalamu pembeni, kana kwamba habari aliyonayo inahitaji nafasi mezani, akautaja ugonjwa. Parkinson. Akaeleza kwamba hauui haraka, kwamba dawa zipo, kwamba wengi huishi nao miaka mingi.

"Umeanza lini?" Gaik Imm aliuliza.

"Huanza kimyakimya, mama, miaka kabla ya mtu kuhisi chochote. Hata sisi hatuoni. Hakuna anayeuona mapema hivyo."

Alikubali kwa kichwa, akashukuru, akaenda kukaa kwenye viti vya dirisha la dawa kungoja aitwe. Akatoa simu amwandikie Suan. Kabla hajagusa herufi, skrini ikamletea kijiko.

Kijiko kile kile. Mkono ule ule wa mtu asiyejulikana unatetemeka, na kijiko kimetulia.

Hakukasirika. Hasira ilikuja baadaye. Kwanza alishikwa na kile kinachomshika mtu aliyeingia hekaluni kufukiza udi, ameinamisha kichwa, anafikiria mambo yake ya sokoni, kisha akainua macho na kukuta sanamu linamtazama yeye, na limekuwa likimtazama tangu aingie. Daktari amesema hakuna anayeona. Na huyu ameona. Mwaka mzima nyuma, wakati sindano yake haijakosa hata mara moja, huyu alikuwa ameshaona.

Jina lake liliitwa mara kadhaa dirishani kabla hajasikia.

*

"Twende kwa walaji," Suan alisema baada ya kulia, kunawa uso, na kulia tena.

"Walaji gani?"

"Chama cha Kutetea Walaji. Wale waliofanya mizani za sokoni zipimwe upya."

"Mimi sikununua kitu kibovu, Suan."

"Hujanunua, na bado wamekujua. Ndiyo maana twende."

Chama kilikuwa katika nyumba kuukuu ya ghorofa moja, yenye ua katikati na ngazi za mbao zinazolalamika. Kilijiita cha walaji kwa maana ya wanunuzi, lakini kwa jinsi wazee wa mji walivyokitaja ungedhani kinapika. Aliyewapokea ni Vasuki Ramalingam, mwanamke mrefu aliyevaa sari ya pamba, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Vasuki alikuwa ameshapigana na maziwa ya unga yasiyo na maziwa, na sufuria za mvuke zinazolipuka, na vitu vya kuchezea watoto vyenye rangi ya sumu. Waziri mmoja alimwita mwiba. Alilipokea jina hilo kama nishani.

Alisikiliza bila kukatiza. Kisha akaomba aione simu.

"Hii kibodi unayoandikia, dada, ilikuja na simu?"

"Nilimwekea mimi," Suan alisema. "Ina vikatuni vya vyakula vyetu. Bakuli la laksa linakonyeza. Ni ya bure."

"Ya kampuni ya Orinda," Vasuki alisema, kama mtu anayemtaja mgeni aliyekuwa akimngojea. Akaiweka simu mezani, akaitazama bila kuigusa. "Hivi vitu tunavisikia muda mrefu lakini hatukuwahi kupata mtu. Kibodi haijali tu unaandika nini. Inapima unaandika vipi. Kidole kimekaa juu ya herufi muda gani. Kimechukua muda gani kuruka kwenda herufi nyingine. Vipande vya sekunde, dada, ambavyo mimi na wewe hatuwezi hata kuvihisi. Mkono ukianza kuchelewa hata kwa unywele, yeye anajua."

Suan alijiziba mdomo kwa kiganja. Yeye ndiye aliyeiweka.

"Acha," Gaik Imm alimwambia, akamshika goti. "Hata mimi lile bakuli nililipenda."

"Zamani tulikuwa walaji," Vasuki alisema. "Siku hizi sisi ndio tunaoliwa. Na hatusikii hata meno."

Sheria ya nchi inampa mtu haki ya kuiuliza kampuni inajua nini juu yake. Vasuki akauliza. Orinda wakajibu kwa maneno mazuri yasiyosema kitu. Akauliza tena, akaongea na magazeti, akauliza mara ya tatu. Ndipo wakaamua kuja wenyewe.

*

Aliyekuja aliitwa Dzulhelmi. Alikuwa mtu wa adabu, shati limepigwa pasi vizuri, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Suan alikuwa amejiandaa kumchukia, akakosa mahali pa kuanzia. Dzulhelmi aliomba ukuta mweupe, akafunga madirisha, akawasha mashine yake ya kumulika.

"Kwa kawaida hatumwonyeshi mtu hiki," alisema. "Lakini umeomba, na ni chako."

Ukutani ukatokea mstari.

Ulikuwa mstari wa buluu, mwembamba, unaopanda na kushuka kutoka mwisho wa ukuta mpaka mwisho, kama maji ya mlangobahari kukiwa na upepo mdogo. Dzulhelmi alieleza kwamba huo ndio mwendo wa vidole vyake tangu siku ya kwanza alipoitumia kibodi. Hakuna maneno humo, alisema, maneno hayatunzwi. Mwendo tu.

Gaik Imm akainuka, akausogelea ukuta. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusoma michoro, na huu aliusoma. Akaona asubuhi zake, mstari umepanda juu na umechangamka. Akaona jioni, umelegea. Akaona mwaka mpya wa Kichina, vidole vikikimbia kuwapa watu salamu. Kisha akafika mahali ambapo mstari ulizama, ukalala chini kabisa kwa muda mrefu, karibu bila kupumua.

"Hapa mama alikuwa anakufa," alisema.

Dzulhelmi aliitazama ile sehemu kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. Pengine ndivyo ilivyokuwa. "Hilo hatukulijua, mama," alisema polepole. "Mfumo uliandika tu kwamba mwendo umeshuka."

"Mlikuwa na sisi chumbani," Suan alisema, na hakukuwa na utani ndani yake.

Gaik Imm aliendelea kutembea kando ya ukuta. Mstari ukainuka tena, ukapata nguvu. Halafu, mbele zaidi, akayaona. Meno madogo. Yalikuwa yamejipanga juu ya mgongo wa mstari, membamba sana, kama meno ya msumeno wa sonara. Mtu asiyezoea vitu vidogo angepita bila kuyaona.

"Hapa," alisema.

"Hapo hapo," Dzulhelmi alisema, na kwa kitambo kidogo alishindwa kuficha fahari yake. "Hapo ndipo mfumo ulipokuweka kwenye kundi. Ni kitu kidogo mno. Hata daktari bingwa asingeona."

Gaik Imm aliuliza ilikuwa tarehe gani, na alipotajiwa akaweka kiganja chake ukutani juu ya yale meno. Mwezi huo alikuwa akishona viatu vya bibi harusi wa mji wa Ipoh, vyenye feniksi wawili, ndege wa hadithi, wanaotazamana, kazi ambayo yeye mwenyewe, asiyejisifu, aliiita bora kuliko zote alizowahi kufanya. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshaketi mkononi, na mkono ukashona vile vile. Mwanga wa mashine ulimpita juu ya vidole, mstari wa buluu ukapanda juu ya ngozi yake na kushuka upande wa pili. Alijikuta anaogopa na kustaajabu kwa wakati mmoja, wala hakuweza kutenganisha kimoja na kingine. Kulikuwa na kitu duniani kilichokuwa kimemtazama kwa makini kuliko mama yake, na hakikumpenda wala kumchukia.

"Mlimwambia nani?" aliuliza, bado ameupa ukuta uso.

"Hatukumwambia mtu, mama. Jina lako halikutoka. Mfanyabiashara anakuja anasema, nataka watu wa namna fulani. Sisi tunalifikisha tangazo lake kwa kundi hilo. Hajui ni nani."

"Aliyenipigia simu?"

"Ukiligusa tangazo, ukaacha namba yako, hapo..."

"Sikugusa. Nilifuta."

"Wakati mwingine kufuta nako ni kugusa," Vasuki alisema kutoka kwenye kona. "Kile kitufe wanakifanya kidogo makusudi."

Dzulhelmi hakubisha.

Gaik Imm aligeuka. "Kwa hiyo mwanangu, mlijua. Mkamwambia muuza vijiko, mkamwambia muuza vitanda. Mimi mwenye mkono hamkuniambia."

"Sisi si madaktari, mama." Alisema kwa upole, na ilionekana kwamba anaamini. "Mfumo hukosea. Tukimwambia mtu ana ugonjwa kumbe hana, tumemtia hofu ya bure. Si haki."

"Na kwa muuza vijiko hamkuogopa kukosea?"

Dzulhelmi alivuta mashine yake karibu. Akaanza kukunja waya wa mashine yake ingawa mstari ulikuwa bado ukutani.

"Hilo kundi," Vasuki alisema. "Wako wangapi ndani yake? Hapa kwetu tu."

"Siruhusiwi."

"Mamia?"

Akakunja waya mara nyingine.

"Maelfu?"

"Naomba mniruhusu niondoke," Dzulhelmi alisema, na kila mmoja chumbani akawa amepata jibu.

*

Vasuki na Gaik Imm waligombana wiki hiyo hiyo, na ugomvi wao ndio ulioiumba kesi.

Kamati ya serikali iliyoshughulikia mambo ya faragha ilikuwa imekubali kuja kuwasikiliza hapo hapo George Town. Vasuki alikuwa ameshaandaa madai yake: kampuni ikatazwe kabisa kupima mwendo wa vidole vya watu, na kila ilichokusanya kifutwe.

"Kisifutwe kwanza," Gaik Imm alisema. "Wawaambie watu kwanza."

"Dada, ukiwaomba waseme, umewaruhusu waangalie. Kesho watakuja na uso wa huruma: tunawachungulia kwa faida yenu. Huo mlango ukiufungua hutaufunga."

"Wameshaangalia, Vasuki. Mlango ulivunjwa zamani. Mwizi yuko sebuleni, na ameona moto unaanza jikoni. Mimi nataka apige kelele kabla hujamtoa."

"Wengine watapata hofu bila sababu."

"Najua."

"Na wengine hawataki kujua. Hiyo pia ni haki yao."

Gaik Imm aliutazama mkono wake. Kidole gumba kilikuwa kikicheza juu ya paja, naye hakukizuia. "Kuna mtu sasa hivi," alisema, "mkono wake uko pale ulipokuwa wangu wakati wa wale feniksi. Anaandikia watoto wake. Anacheka na vijiko. Siwezi kukaa nikijua kwamba mashine inamjua na yeye hajijui."

Suan, aliyekuwa akikata keki, alisema bila kuinua kichwa, "Vasuki, huyu tangu utoto hajawahi kushindwa ubishi. Okoa nguvu zako, kula."

Vasuki alichukua keki. Hakukubali siku hiyo, wala ya pili yake. Lakini siku ya kusikilizwa alipoyasoma madai mbele ya kamati, yalikuwa matatu badala ya mawili, na la kwanza lilikuwa la Gaik Imm.

Ukumbi ulijaa. Wanasheria wa Orinda walizungumza vizuri, kwa muda mrefu, juu ya ridhaa ambayo kila mtumiaji huitoa anapobonyeza neno "nakubali". Gaik Imm alipoitwa, mpigapicha wa gazeti moja alisogea mbele akamwomba anyooshe mkono wa kulia ili watu wauone.

Aliirudisha mikono yote miwili chini ya meza.

"Samahani mwanangu," alisema. "Mkono huu umetazamwa vya kutosha."

Akaongea maneno machache. Alisema hakuja kudai fidia, wala hakuja kusema mashine ni mbaya; aliiona kazi yake ukutani na hajawahi kuona jicho kali kama lile. Alisema yeye ni fundi, anajua kustaajabia kazi ya fundi mwenzake. "Lakini mtu akiniletea mguu wake niupime," alisema, "nikiona kidonda kwenye unyayo ambacho yeye hawezi kukiona, simwambii muuza bandeji kwanza. Namwambia mwenye mguu. Hata kama nimekosea. Namwambia, mwanangu, hebu kaangalie hapa. Ni hilo tu nililokuja kuomba."

Mwenyekiti wa kamati aliandika kitu, akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Uamuzi ulipotoka haukuwa wa kushangilia wote. Kampuni ilikatazwa kuwapanga watu kwenye makundi kwa hali ya miili yao. Iliamriwa kumwandikia kila aliyekuwa kwenye kundi lile, kwa maneno ya kawaida, kwamba mfumo uliona jambo, kwamba unaweza kuwa umekosea, kwamba aende kwa daktari, na baada ya hapo kumbukumbu zake zifutwe. Lakini kupima mwendo wa vidole kwa ajili ya "kuboresha huduma" hakukukatazwa. Vasuki aliusoma uamuzi amesimama kwenye ngazi za nyumba ya chama.

"Tumekata tawi," alisema. "Shina liko pale pale."

"Shina ni lako hilo," Gaik Imm alimwambia. "Mimi nimechoka."

*

Ujumbe ulitumwa siku ya kazi, asubuhi, na chini yake ilikuwapo namba ya simu ya chama. Simu ya ofisini ililia mpaka wakaiacha ilie. Majuma machache baadaye, wengi wakiwa wameshaonana na daktari, adhuhuri moja watu wakaanza kuja wenyewe.

Suan alimfuata dada yake barazani. "Vaa viatu," alisema. "Nimebeba keki zote. Hutaamini."

Gaik Imm alifika akasimama kwenye kizingiti cha nyumba ya chama, akashindwa kuingia.

Ua wote ulikuwa umejaa. Walikaa kwenye viti, kwenye ngazi za mbao, kwenye ukingo wa kisima cha mapambo, na wengine walisimama kwenye kivuli cha ukuta. Kulikuwa na dereva wa lori kutoka Kedah, bado amevaa fulana ya kazini. Kulikuwa na mwalimu wa muziki aliyetoka Taiping, na muuza maua wa hekaluni, na mama mmoja wa Kimalai aliyeshikwa mkono na binti yake, na bwana wa benki ambaye hakutaka kukaa. Wazee, na wengine ambao hawakuwa wazee hata kidogo. Hawakujuana. Hakuna kitu kilichowaunganisha duniani isipokuwa kwamba mashine moja, mahali fulani pasipojulikana, ilikuwa imewaona wote na kuwaweka kapu moja, na kwa miaka ikawauza kwa jumla. Na sasa lile kapu lilikuwa hapa, lina nyuso, linapumua, linanuka jasho na mafuta ya nywele, linauliza choo kiko wapi.

Gaik Imm alishikilia mwimo wa mlango. Alikuwa amewawaza watu hawa miezi yote, lakini alimwaza mmoja. Hakuwahi kuwaza ua mzima.

Msichana mmoja alikuwa akicheka na kulia pamoja, anamwonyesha kila mtu kidole gumba chenye kovu. "Niliungua na mafuta ya kukaangia ndizi," alisema. "Daktari kasema sina kitu. Kibodi ilidhani naumwa, kumbe ni ndizi."

Wengine walicheka naye. Bwana mmoja mnene, mwenye mvi, hakucheka. Alimtazama Gaik Imm, akamtambua kutoka magazetini, akaja moja kwa moja.

"Ni wewe uliyetaka tuambiwe?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa nalala usingizi," alisema. Sauti yake haikupanda, lakini ilikuwa inatetemeka kuliko mkono wowote pale. "Miaka yote nalala vizuri. Juzi daktari kanithibitishia. Sasa silali. Nani alikupa ruhusa?"

Vasuki alikuwa amemwambia Gaik Imm, naye alikuwa amesema najua, lakini kujua kwake kulikuwa kwa mdomo. Akavuta kiti, akamwekea. Yule bwana alisimama nacho mbele yake kwa muda, kisha akakaa kwa uzito. Gaik Imm akakaa kando yake. Suan aliwawekea keki kwenye kipande cha jani la mgomba akaondoka.

Walikaa hivyo wakitazama watu.

"Jina langu Teoh," bwana yule alisema baadaye. "Wewe ulijuaje? Kabla ya mashine."

"Shanga ilidondoka."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu anayelijua jambo hilo. Akaumega upande wa keki. "Mimi mke wangu alisema nimekuwa na maringo. Natembea mkono mmoja haupungi. Aliniambia, unatembea kama mkuu wa wilaya anakagua gwaride. Tuligombana. Nikamwambia ndivyo ninavyotembea siku zote. Kumbe ndio ugonjwa wenyewe."

"Mkono upi?"

"Wa kushoto."

Mwalimu wa muziki, aliyekuwa karibu, aligeuka. "Haupungi?" aliuliza. "Hebu tembea."

Teoh alisita. Kisha akainuka, akavuta suruali juu, akatembea kutoka kwenye kisima mpaka ngazini na kurudi. Watu walimpisha. Kweli mkono wa kulia uliyumba, na wa kushoto ulining'inia tu kama mwavuli uliosahauliwa.

"Kama wangu," dereva wa lori alisema, akasimama. "Jamani nitazameni na mimi."

Akatembea. Akafuata yule mama wa Kimalai, binti yake amemwachia mkono ili waone. Muuza maua akatembea. Mwenye kidole kilichoungua naye akatembea, akarudishwa kwa kelele kwamba asidanganye watu, mikono yake yote inapunga. Hata bwana wa benki alilegeza tai, akakatiza ua akiwa amewakazia watu macho usoni, akauliza, "Je?" na watu wengi kwa pamoja wakamjibu kwa dhati kile walichokiona.

Vasuki alikuwa ametoka ofisini na kusimama juu ya ngazi, simu inalia nyuma yake, anatazama.

"Dada," Suan aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Umekalia nini? Wenzako wanatembea."

Gaik Imm aliweka jani la mgomba kitini, akajifuta vidole, akainuka. Teoh alisogea pembeni kumpa njia, na macho ya ua mzima yakamgeukia. Akatembea polepole, mikono yake yote miwili ikiwa wazi kwa kila anayetaka kuitazama.